Permi ya Kuvua kwa Raha

Jumapili ile nilikaa juu ya tuta la reli, jua likinichoma kisogo, nikatazama chini bwawani. Mwanamke niliyempenda alikuwa amekaa mahali petu pa siku zote, fimbo yake ya mwanzi mkononi, miguu ameinyoosha kwenye majani. Kando yake, pale nilipozoea kukaa mimi, alikuwa amechuchumaa ajenti wa ofisi ya uvuvi. Shati lake jeupe liliniumiza macho hata kutoka mbali. Alimwonyesha kitu juu ya maji kwa kidole, naye akacheka. Sikuweza kusikia wanachosema, na hicho ndicho kilichoniua: kumwona mtu unayempenda anacheka, bila sauti, na wewe hujui ni neno gani lililomchekesha.

Nilikuwa nimezuiwa kushuka. Bwawa lilikuwa limezungushiwa vigingi na kamba, na ubao ulisema, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kwamba anayevua kwa ndoano kwa ajili ya raha lazima awe na permi ya mwaka, yaani kibali, na anayekuja kukaa tu ukingoni alipe kiingilio cha siku. Yeye alikuwa na permi. Mimi sikuwa nayo, na nilikuwa nimeapa sitainunua. Tuta la reli lilikuwa nje ya kamba. Pale juu mtu aliruhusiwa kuona wivu bure.

Bwawa lenyewe si kitu cha kumpeleka mgeni. Zamani watu wa reli walizuia kijito ili injini za mvuke zipate maji ya kunywa zikifika Kamina. Injini zile zilikufa, maji yakabaki, na samaki wakaingia wenyewe: tilapia wa kujaa kiganja, na kambale wanaolala kwenye matope. Hakuna anayepata riziki pale. Anayetaka samaki wa kula anakwenda sokoni, ambako wachuuzi wanaleta wale wakavu wa Kinkondja, wamefungwa juu ya baiskeli mpaka baiskeli haionekani. Kwa hiyo mtu mzima anayekaa na ndoano bwawani anaonekana kama kichwa chake kimelegea kidogo.

Siku ya kwanza nilipomwona, wanawake waliokuwa wanafua nguo upande wa pili walikuwa wanamtania.

"Mama, soko iko kule! Unachezea mududu mu maji, weye muntu muzima?"

"Minyi sitafute samaki," akajibu bila kugeuza kichwa. "Ninatafuta kimya. Na nyinyi mumeisha kufukuza byote mbili."

Nililipenda jibu hilo kabla sijampenda yeye.

Alikuwa mjane wa mtu wa reli, mtoto wa familia ya wakulima Wakatoliki wa kijiji cha jirani. Asubuhi alikaanga mikate ya mafuta stesheni na kuipeleka kwenye beseni katika maofisi. Jumapili, baada ya misa, alikwenda kuvua. Aliniambia kwamba wiki nzima watu wanamwita, mama wa mikate, mama wa mikate, na pale kwenye maji hakuna anayemwita isipokuwa samaki, na samaki anaita kwa adabu, anagusa kamba tu.

Mimi nilikuwa nimetoka Kaniama, ambako nilichunga ng'ombe wa watu. Kabla ya hapo nilikuwa Luena, nikiingia mashimo ya zamani ya makaa ya mawe ili kuona tu mlima unafananaje kwa ndani. Kabla ya Luena nilikuwa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, nikiwasaidia watu kukausha samaki. Shule niliiacha nikiwa bado naandika kwa penseli, na tangu siku hiyo nimekuwa nikienda kuangalia kila kitu kwa macho yangu. Mahali nilipopaelewa, niliondoka. Kamina ilinishika kwa sababu yule mwanamke sikumwelewa.

Tulikaa pamoja Jumapili nyingi. Alinifundisha kukanda bukari, yaani ugali, na unga wa karanga ili chambo kisimomonyoke. Mimi nilimfundisha kukata boya kutoka moyo wa bua la mahindi. Jioni tulipanda njia pamoja mpaka barabara kubwa, halafu yeye alikwenda kwake na mimi nikaenda kwenye chumba changu nyuma ya fundi wa baiskeli. Hakuwahi kuniambia niende naye, wala mimi sikuwahi kuuliza. Nilifikiri nikiuliza nitaanza kumwelewa, na nikimwelewa nitaondoka.

Kulikuwa na jambo moja alilofanya kila Jumapili. Samaki wa kwanza, hata akiwa mdogo kama kidole, alimfunga kwenye jani na kumpitisha nyumbani kwa wenye udongo, familia ambayo ardhi ile ilikuwa yao kabla ya reli. Huo ndio mulambu, heshima ya mwenye mahali, na kila Muluba anaujua. Nilimngoja njiani akiingia uani kwao, na kila mara nilijiambia: basi, tumelipa. Samaki yule ametulipia sisi wote wawili.

Halafu ikaja permi.

Ililetwa na ajenti huyo wa shati jeupe. Alikuwa mtoto wa familia ya Wametodisti wa mjini, baba mwalimu, mama karani, watu wanaosalimia kwa sentensi nzima. Umri wake na wangu ulikaribiana. Ningependa kuandika kwamba alikuwa na majivuno, ingenisaidia. Hakuwa nayo. Aliongea polepole na kusikiliza mpaka mwisho. Na zaidi ya yote alipenda kuvua. Alikuwa na fimbo ya kununua Lubumbashi, nyeusi, nyembamba, yenye gurudumu dogo la kukunja kamba linalolia kama panzi. Nilipoisikia mara ya kwanza nilitaka kuifungua nione ndani. Halafu nilimwona mama wa mikate akiomba kuishika, naye ajenti akimwekea vidole mahali panapofaa, na hamu ya kuona ndani ya gurudumu ikaniisha.

Mama wa mikate alikuwa kati ya watu wa kwanza kununua permi. Alinionyesha kadi yake pale stesheni, mikono ikiwa na mafuta, akiishika kwa ncha za vidole.

"Angalia foto. Ile mashini inanipenda."

"Ulilipa?"

"Nililipa."

"Unalipa maji ya Mungu?"

"Mungu iko na maji," akasema, "lakini haiko na mulinzi."

"Na mulinzi njo ule wa shati?"

Alinitazama, akageuza mikate kwenye mafuta, akanitazama tena. "Weye, wivu inakuamukia asubui hivi? Hata chai haujakunywa?"

Nilimwambia sina wivu, ninazungumza juu ya haki. Na kweli nilikuwa na hoja, sikuiokota siku ile. Kinkondja nilimwona mvuvi akifika na mtumbwi wake, na kabla hajakausha miguu akaja mtu wa kofia moja akachukua chake, halafu mtu wa kofia nyingine, halafu wa tatu asiye na kofia lakini mwenye sauti. Kila mmoja alisema ni ushuru. Hakuna aliyeacha karatasi, na gati ilibaki ya matope vilevile. Tangu hapo mtu akitaja ushuru, mimi naona kofia. Tena hapa ilikuwa ni mbaya zaidi: yule wa Kinkondja alilipa kwa sababu anauza. Sisi tunakaa tu. Samaki tunayempata hamshibishi paka. Mtu analipaje kwa sababu ya kukaa?

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo nalo lilinikera, kwa sababu alisikiliza kama ajenti.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mwaka ilepita, unakumbuka tulikuwa tunapata nini?"

Nilikumbuka. Tulikuwa hatupati kitu. Watu walikuja na vyandarua vya kuzuia mbu, wakavishona pamoja, wakakokota bwawa zima kutoka ukingo hadi ukingo, na kilichotoka kilikuwa vitoto vya samaki visivyo na macho bado, vya kukaanga kama mchanga.

"Sasa beko wapi, bale bantu ya chandarua?"

"Bale bantu beko na njaa," nikasema. "Sisi tunacheza. Unafukuza mwenye njaa ili mwenye kucheza acheze muzuri."

 Alichukua mkate mmoja ulioungua pembeni akanipa. Nilikula nikifikiri nimeshinda. Lakini akasema, kwa sauti ya chini, "Ile neno yako iko kweli. Kamuambie ajenti. Minyi nilisha kumuambia vile vile. Alisema kama permi inauzika muzuri, batachimbia bale bantu mabwawa ya kufugia samaki. Sijui kama itakuwa. Lakini alijibu. Weye unaulizaka, halafu unaenda."

Nilisikia maneno mawili tu katika hayo yote: *nilisha kumuambia*. Kumbe wanazungumza. Kumbe neno nililodhani ni langu lilikwisha kufika kwake kabla yangu, na yeye ameshalijibu.

Ndipo nikaapa. Na ndiyo maana Jumapili zilizofuata nilikuwa juu ya tuta.

Mtu akikaa juu ya tuta anaona mengi kuliko aliye kwenye maji. Niliona kwamba sasa alikuwa anavua kweli, tilapia wakubwa wakipigapiga kwenye majani. Niliona watu wengine wakija na kadi zao shingoni, makarani, mwalimu mmoja, hata wawili wa wale wafua nguo waliokuwa wakimtania, nao wamelipa kiingilio na kukaa na miguu majini. Niliona ajenti akipita kwa kila mmoja kukagua, na kwa kila mmoja alikaa kidogo, na kwake alikaa sana. Pengine alikaa sawa. Jicho la wivu halina saa.

Jumapili moja mama wa mikate alinipungia mkono kutoka chini, akaashiria nishuke. Niliashiria ubao. Akainua mabega, akageukia maji. Muda mfupi baadaye ajenti akapanda tuta hadi nilipo, akipangusa nyasi kwenye suruali.

"Bonjour, papa."

"Bonjour, shefu."

"Mama anasema weye njo ulimufundisha kukata boya. Boya yake inapita yangu ya duka. Shuka basi. Leo minyi nitakulipia kiingilio."

Hata kama angenitukana nisingeumia hivyo. Kulipiwa! Kulipiwa ili nikaketi kando ya mtu wangu, na mtu ambaye...

"Aksanti, shefu. Niko naangalia train."

"Train haipite leo, papa."

"Njo maana ninaingojea."

Alicheka vizuri, bila ubaya, akashuka. Chini nikamwona akimsimulia, na yeye akacheka mpaka akaweka mwanzi chini. Sasa nilijua ni neno gani lililomchekesha. Lilikuwa langu, na hata hivyo alikuwa amepewa na mwingine.

Usingizi wangu ulipokuwa mbaya kwa wiki nzima, nilipata wazo. Kama maji ni ya wenye udongo, serikali inauza kitu kisicho chake. Nitakwenda kwa wenye udongo, watasema hivyo kwa kinywa chao, nitarudi bwawani na neno lao, nitaruka kamba mbele ya ajenti, na yeye ataona. Sikuwaza sana ataona nini. Nilitaka tu aone.

Nilinunua sabuni na chumvi, kwa sababu huingii kwa mwenye mahali na mikono mitupu. Nilimkuta dada ya chifu wa udongo, ndiye anayepokea kwa niaba ya nduguye. Mwanamke mnene, mchangamfu, amekaa uani anachambua karanga, simu ameibana kati ya bega na sikio, anagombana na mtu juu ya magunia ya mkaa. Alipomaliza kugombana alipokea sabuni na chumvi, akasema "wafwako", yaani asante, akanisukumia kibao nikae.

Nikamweleza. Nilianza mbali, kwa injini za mvuke, nikaja polepole mpaka kamba na ubao. Mwisho nikauliza: "Mama, ile maji iko ya nani? Ya nyinyi, ao ya Leta?" Leta ndilo jina tunaloiita serikali huku kwetu tangu wakati wa mababu.

"Iko ya sisi," akasema mara moja.

Moyo wangu ukaruka.

"Na Leta nayo inasema iko yake," akaendelea. "Sisi na Leta tuko kama bibi babili ya bwana mumoja. Kila mutu anajua mwenzake iko. Hatusalimiane sana, lakini hatuunguziane nyumba. Bale ba permi balikuja hapa mbele ya kuweka ubao. Balileta mbuzi. Sasa weye unataka nisemeje? Nilikula mbuzi."

"Lakini sisi tunalipaka mulambu! Kila Jumapili!"

"Njo vile, munalipaka." Akanitazama vizuri, kama mtu anayetafuta sura kwenye picha ya zamani. "Aaa! Weye njo bwana ya mama wa mikate! Karibu, karibu! Nilikuwa najiuliza huyu bwana gani haingiake kusalimia, anabakiaka mu njia sawa mbuzi ya kuuzisha."

Nilibaki na punje ya karanga mdomoni.

"Bwana ya nani?"

"Ya mama wa mikate. Siku ya kwanza alikuja hapa, nikamuuliza, muko bangapi mu maji? Akasema, tuko babili, minyi na bwana yangu. Nikasema, basi, nyumba moja, samaki moja. Mulambu inatokaka ku moto ya nyumba, haitokake ku kichwa ya muntu. Kama hamukuwa nyumba moja, weye ungeleta yako, na ungeleta muntu wa hapa wa kukusimamia. Muntu wa njia, asiye na moto, maji haimujue."

Alisema hayo huku akichambua karanga, kama anayesema bei ya sukari. Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka kwamba njia nzima nilikuwa na furaha kubwa ambayo ilikuwa inauma mahali fulani, na sikujua ni wapi mpaka nilipofika barabara kubwa. Hapo nikakumbuka ile kadi. Siku aliponionyesha niliangalia foto, lakini macho yangu hayaachi kitu bila kukisoma, na chini ya foto paliandikwa hali yake ya ndoa: *peke yake*.

Kwa mwenye maji alikuwa na bwana. Kwa ajenti alikuwa peke yake.

Nilimkuta stesheni akipanga mikate kwenye beseni. Sikusalimia.

"Kwa wenye udongo ulisema niko bwana yako."

Mkono wake ulisimama juu ya beseni. "Nani alikuambia?"

"Mwenyewe. Na kwa ajenti ulisema uko peke."

"Punguza sauti, bantu banasikia."

"Basikie! Kwa mama mwenye karanga niko bwana. Kwa kijana wa shati siko hata jirani! Ulitaka ajue nini, yule?"

Abiria mmoja aliyekuwa anangoja mkate akajifanya anasoma simu. Yeye alifunika beseni kwa kitambaa, akanivuta kwenye kivuli cha ukuta. Nilidhani atakasirika. Alikuwa na aibu, na sikuwa nimewahi kuona aibu usoni kwake.

"Kwa wenye udongo ningesema nini?" akauliza. "Kama niko na mutembezi moja, anatoka Kaniama, anaenda sijui wapi? Bangekukatalia. Ile siku ulikuwa umekaa ku njia, unaangalia chungu, bale badudu badogo, inabeba mayai, na furaha kama mutoto. Nilisema ile neno ili ubakie mu maji. Haina kitu, ni neno ya mudomo. Ukienda kesho, ninaambia ule mama, alienda, naye anacheka, na inaisha."

"Na kwa Leta?"

"Leta inaandika." Alipangusa mikono kwenye kitenge ingawa haikuwa michafu. "Ningeandikisha bwana, halafu kesho umepanda train. Nibakie na karte yenye bwana, bila bwana. Nilikuwaka na karte ya vile, ya reli. Kila mwezi naenda kueleza ku biro, ile ofisi yabo, kama ule muntu alikufa. Sitaki tena kueleza muntu ku biro."

 Nilitafuta wivu wangu nikauona bado upo, haujapungua hata kidogo, ila umegeuka upande. Mwanzoni nilimwonea ajenti wivu kwa sababu anakaa karibu naye. Sasa nilimwonea wivu kwa sababu ya kitu kidogo kuliko hicho: alikuwa mtu anayeweza kuandikwa. Ana avenyu, ana namba ya nyumba, ana baba ambaye watu wanamjua. Angeondoka leo, kesho mtu angejua wapi pa kumtafuta.

Nilifikiri sana juu ya permi usiku ule na asubuhi yake, na nitasema nilichofikia, hata kama si kingi. Sijui kama ni haki Leta kumlipisha mtu anayekaa na ndoano. Kofia za Kinkondja sijazisahau, na wale wa chandarua bado wana njaa, na mabwawa yao bado hayajachimbwa. Yakikosa kuchimbwa nitakwenda kuuliza, na safari hiyo nitangoja jibu. Lakini nilikuwa nimeishi nikidhani kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu anakaa bure. Hakuna. Nilipokaa bure, kulikuwa na mtu aliyenilipia, kwa samaki na kwa jina lake mwenyewe, na mimi nikaita hiyo haki yangu.

Bei ya permi ilikuwa kama ya jogoo mzuri. Niliuza viatu vya safari, yale mabuti ya ngozi niliyopewa Kaniama, fundi wa baiskeli alikuwa anayatamani muda mrefu.

Ofisini kulikuwa na foleni. Ajenti alikaa nyuma ya meza, shati jeupe lingine. Aliponiona miguuni nina kandambili alitaka kusema kitu, akaacha.

"Papa! Permi?"

"Permi, shefu."

Aliandika jina langu, akaandika mahali nilipozaliwa. Kwenye kazi nilisema "ninaangalia vitu", akacheka kidogo, akaandika *kibarua* akinieleza kwamba ofisi haina neno la hiyo yangu. Halafu akauliza, bila kuinua kichwa:

"Adresi?"

Nikasema niko nyuma ya fundi wa baiskeli. Akauliza avenyu gani, namba gani, chumba ni cha nani, nimelipia mpaka lini. Sikuwa nimelipia mpaka popote. Nililipa kila nilipoona nitalala tena.

"Papa, bila adresi siwezi," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. Nilimchukia kwa huruma ile. "Haiko minyi. Njo sheria. Permi inatolewa kwa muntu anakaa mahali."

Watu nyuma yangu walianza kukohoa. Na wakati huo huo, kwa sababu ilikuwa saa yake ya kupita maofisini, yeye akaingia na beseni kichwani.

Ajenti aliangaza kumwona. Niliona. "Mama wa mikate! Umefika muzuri. Huyu papa unamujua. Anakaa wapi?"

Alishusha beseni polepole kwenye benchi. Aliangalia meza, akaangalia kandambili zangu, akazitazama muda mrefu, akaona mabuti ya safari hayapo. Foleni nzima ilisogea karibu. Mtu akingoja foleni hana starehe nyingine ila mambo ya wenzake.

"Anakaa kwangu," akasema.

Haikuwa kweli. Ajenti alijua haikuwa kweli, yeye aliyekuwa anajua kila kitu. Kalamu yake ilibaki hewani kidogo. Halafu akainama, akaandika avenyu yake na namba yake bila kuuliza, na hilo nalo nililiona, kwamba hakuhitaji kuuliza.

"Na hali?" akasema, sasa akimwangalia yeye, si mimi. "Niandike bwana na bibi?"

"Andika vile nilisema. Anakaa kwangu."

"Mama, hapa kunaombwa..."

"Permi iko ya wakati gani, shefu?"

"Mwaka moja."

"Basi. Ile ingine utamuuliza mwaka ikiisha, akikuja kufanya mupya. Kama atakuja."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka, mwingine akasema "Eee, mama!" Ajenti aliacha nafasi ile wazi, akapiga muhuri, akanipa kadi. Nikaishika kwa ncha za vidole. Ilikuwa bado na joto la mashine.

Yeye alikuwa amekwisha kufunua beseni. Alimchagulia ajenti mikate, mikubwa ile ya katikati, akaongeza mmoja juu kama alivyofanya, bila shaka, kila asubuhi.  Nilinyoosha mkono kwenye beseni.

"Na minyi?"

Akaupiga mkono wangu, akafunika.

"Weye utakula ku nyumba."